Ukitaka kumwonyesha mtoto pweza, hesabu mwezi kwanza

Watoto wengi wa mjini wanamjua pweza kupitia kijiti cha meno. Wanamjua akiwa vipande kwenye sinia la jioni, supu ikitoka moshi pembeni, ndimu na pilipili zikisubiri. Wakiulizwa anaishi wapi, hujibu "Baharini," na hapo elimu yao huishia.

Binti mmoja wa miaka tisa kutoka Mbagala, Dar es Salaam, alitaka kujua zaidi. Aliona video ya pweza akibadilika rangi kwenye simu ya mama yake, akairudia na kuirudia mpaka bando likaisha. Baba yake akamwahidi kuwa Idd el-Hajj ikifika wangevuka kwenda Unguja, akamwone pweza mzima kwa macho yake.

Ahadi ikatimizwa nusu. Familia ya watu wanne, pamoja na mdogo wake wa kiume wa miaka sita, ilipanda boti mpaka Unguja na daladala mpaka Jambiani, kijiji kirefu kilichojinyoosha kwenye pwani ya mashariki ya kisiwa. Wakakaa siku tatu. Upepo wa kusi ulivuma mchana kutwa, bahari ikachafuka, na maji hayakutoka mbali. Kila asubuhi watoto walisimama ufukweni na ndoo zao, na kila asubuhi walirudi na makome na mchanga.

Jioni ya mwisho walimkuta bibi mmoja amekaa kivulini akisokota kamba za usumba.

"Shikamoo, bibi," alisema mama.

"Marahaba, mwanangu. Naona wanao wanatafuta kitu siku ya tatu hii."

"Wanatafuta pweza, bibi."

Bibi akacheka mpaka kamba ikamtoka mkononi. "Mmekuja maji mafu, mwanangu. Pweza mtamwona wapi? Njooni bamvua."

Mzazi yeyote anayepanga safari ya kumwonyesha mtoto pweza aanze na neno hilo. Wengi huuliza ni mwezi gani wa mwaka ulio mzuri. Swali hilo lina jibu, lakini kuna swali linalotangulia: mwezi wa angani umefika wapi?

BAMVUA NA MAJI MAFU

Pwani ya Afrika Mashariki hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa tofauti ya takribani saa sita kati ya kujaa na kupwa. Lakini kupwa hakulingani siku zote. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja. Maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katika bahari ya Zanzibar tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku hizo hufika karibu mita nne, na eneo kubwa la mwamba ambalo siku nyingine hufunikwa hubaki wazi.

Katikati, mwezi unapokuwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake. Maji hujaa kidogo na kupwa kidogo. Hayo ndiyo maji mafu. Mwamba anaoishi pweza hubaki chini ya maji, na mtu wa miguu haufikii.

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wanalijua na wageni huligundua kwa kuchelewa. Saa za maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, lakini bamvua hurudi kwenye saa zilezile. Kwa Unguja, maji ya bamvua hufika mwisho wa kupwa kati ya saa nne na saa sita mchana, na tena usiku wa saa kama hizo. Maana yake ni kwamba siku zinazofaa kuona pweza zina saa zinazofaa kwa watoto: wameamka, wamekunywa chai, na mwanga wa jua unapenya kwenye vidimbwi.

Bahati nyingine ni tabia ya pweza mwenyewe. Aina nyingi za pweza duniani huwinda usiku. Pweza mkubwa anayevuliwa zaidi kwenye miamba yetu huwinda mchana, hasa alfajiri na jioni, na mchana wa kupwa hukaa mlangoni mwa tundu lake akichungulia.

SIKUKUU GANI INA BAMVUA

Familia nyingi husafiri wakati wa sikukuu, na hapa ndipo hesabu ya mwezi inapokuwa rahisi kuliko inavyodhaniwa.

Idd el-Fitri huangukia mwezi mosi Shawwal, mara tu mwezi unapoandama. Kwa hiyo Idd el-Fitri huja na bamvua, mwaka wowote na msimu wowote. Anayekwenda pwani kwa Idd hiyo ana uhakika wa maji kutoka mbali.

Idd el-Hajj ni mwezi kumi Mfunguo Tatu. Siku hiyo mwezi umepita nusu na bahari iko kwenye maji mafu. Ndiyo sababu familia ile ya Mbagala haikuona kitu. Kama wangebaki siku tano zaidi, wangeikuta bamvua ya mwezi mpevu.

Pasaka nayo hufuata mwezi. Jumapili ya Pasaka ni ile inayokuja baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo katika juma linaloelekea Jumapili hiyo mwezi hujaa, na bamvua huwa katika juma hilo au siku chache baada yake.

Krismasi na likizo za shule hazifuati mwezi. Kwa hizo, mzazi afungue kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Siku za kulenga ni mwezi mosi hadi mwezi nne, na mwezi kumi na nne hadi kumi na saba. Asiye na kalenda hiyo atazame juu usiku: mwezi ukiwa mviringo kamili, au ukiwa mwembamba kama ukucha upande wa magharibi baada ya magharibi, bamvua ipo.

MIEZI ILIYO MIZURI

Baada ya kuhesabu mwezi wa angani, ndipo mtu aangalie mwezi wa kalenda.

Kuanzia Juni mpaka Agosti kusi hupiga kwa nguvu. Upepo huo hutoka kusini mashariki na huigonga pwani ya mashariki ya Unguja moja kwa moja. Bamvua ya kusi huweza kuonyesha mwamba, lakini uso wa maji hukunjamana na macho hayaoni chini. Anayesafiri likizo ya Juni afikirie upande wa magharibi wa kisiwa, ambako kuna kinga.

Desemba mpaka Februari ni kaskazi. Jua ni kali, maji ni ya moto, na siku upepo unapolala mtu huona chini kana kwamba anatazama kupitia kioo. Aprili na Mei ni masika. Mvua kubwa huchafua maji ya kina kifupi, na pweza hapendi maji yaliyopungua chumvi.

Kati ya kusi na kaskazi upo wakati ambao mabaharia wa majahazi waliuita tanga mbili, upepo unapokuwa hauna mwenyewe. Huja mara mbili kwa mwaka: Machi kuelekea Aprili, na Oktoba kuelekea Novemba. Wakati huo hukaribiana na majira ambayo bamvua huwa kubwa kuliko zote za mwaka, yaani Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Bahari imetulia, maji yanatoka mbali, mwanga ni mzuri. Kwa mzazi anayetaka jibu la mstari mmoja: bamvua ya Machi kabla masika haijashika, au bamvua za mwisho wa Septemba mpaka Novemba.

SIKU YA PILI YA SIKUKUU

Familia ile ilirudi Jambiani Idd el-Fitri iliyofuata, ambayo iliangukia Machi. Siku ya pili ya sikukuu, saa nne asubuhi, bibi aliwakuta wamesimama ufukweni wamevaa yeboyebo, kama alivyowaagiza. Yeye alivaa kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, mkononi ana mti mwembamba wenye chuma nchani, begani ana mkoba wa ukili. Nyuma yake alikuja mjukuu wake wa kike, rika moja na binti wa Mbagala, amebeba ndoo.

"Leo sikukuu, bibi, hupumziki?" aliuliza baba.

"Bamvua haijui sikukuu, baba. Nikipumzika leo na kesho, zimebaki siku mbili."

Maji yalikuwa yameshaondoka. Mahali ambapo jana asubuhi watoto waliogelea, sasa palikuwa na mchanga mweupe, kisha nyasi za baharini, kisha vigingi vya mashamba ya mwani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na hadi leo wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Mbele ya vigingi, mbali, mstari mweupe wa mawimbi ulivunjika juu ya mwamba wa nje. Wanawake walikwishatawanyika huko, mmoja mmoja, wameinama.

Bibi alitembea polepole na kuwafundisha watoto pa kukanyaga. Mchangani sawa. Juu ya jiwe tupu sawa. Juu ya matumbawe hai hapana, kwani tumbawe likivunjika huchukua miaka kuota tena, na bila matumbawe hakuna matundu. Kwenye vidimbwi, kila mmoja atazame kabla ya kutia mguu, maana kuna wale weusi wenye miba mirefu.

Kisha akasimama. "Mnaona nini hapo?"

Watoto hawakuona kitu. Jiwe, shimo dogo, na mbele ya shimo maganda ya kaa na makome yaliyofunguliwa.

"Hizo ni taka za jikoni," alisema bibi. "Pweza akila hutupa mlangoni. Anajificha vizuri kuliko mnyama yeyote wa humu, lakini uani kwake hafagii."

Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kutafuta: maganda mapya, safi, yamekusanyika mahali pamoja. Ya pili ni vijiwe vilivyopangwa mdomoni mwa tundu, ambavyo pweza huvivuta mwenyewe kwa minyiri yake kama mtu anayeegesha mlango. Ya tatu ni jicho. Jiwe halina jicho. Mtu akitazama kwa utulivu, jiwe moja litamtazama pia.

Binti ndiye aliyeliona. Alishika kanga ya bibi na kunyoosha kidole bila kusema.

MDOGO ALIYEACHWA

Bibi aliingiza ncha ya mti taratibu, akautikisa kidogo. Mnyiri mmoja ukatoka na kuushika. Kisha wa pili. Kisha pweza mwenyewe akamwagika nje ya tundu kana kwamba hana mfupa hata mmoja, na kweli hana. Kitu kigumu pekee mwilini mwake ni mdomo ulio mfano wa mdomo wa kasuku, ndiyo maana huweza kupita kwenye upenyo mdogo sana kuliko mwili wake.

Alikuwa mdogo, si mkubwa kuliko kiganja cha bibi na vidole vyake. Kwenye mchanga aligeuka mweupe. Alipogusa nyasi alipiga madoa ya kahawia. Alipopanda jiwe ngozi yake iliota vinundu kama jiwe lenyewe. Mdogo wa kiume alipiga kelele kila rangi ilipobadilika.

"Ana mioyo mitatu," alisema binti, ambaye alikuwa amejiandaa. "Na damu yake ni ya bluu."

"Mitatu?" bibi aliuliza. "Basi ndiyo maana ana subira."

Bibi alimtazama pweza yule, akampima kwa macho, akaondoa mti. Pweza alitema wino kidogo, akatambaa mpaka kidimbwi cha pili, akatoweka mbele ya macho ya watu sita wasiojua amejificha wapi.

"Huyu hajafika," bibi alimwambia mjukuu wake. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, na sababu yake ni rahisi kueleza hata kwa mtoto. Pweza wa aina hii haishi sana, mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, lakini hukua kwa kasi kubwa. Aliyeachwa leo akiwa mdogo, baada ya miezi miwili au mitatu ni pweza mwingine kabisa kwa uzito.

Na huzaa mara moja tu. Jike hutaga maelfu kwa maelfu ya mayai ndani ya tundu, akajifungia, akayalinda kwa wiki kadhaa bila kwenda kuwinda, akiyapepea kwa maji ili yapate hewa. Mayai yakianguliwa, naye hufa. Anayemtoa jike tunduni kabla hajataga au akiwa juu ya mayai amechukua mama na watoto wote kwa mara moja.

"HAACHWI NA MTU MMOJA"

Tundu la pili lilikuwa tupu. La tatu lilikuwa na mkunga, na bibi aliwarudisha watoto nyuma haraka. Kwa sababu ya mkunga na meno yake hakuna anayetia mkono kwenye tundu asilolijua. La nne likamtoa pweza mkubwa, minyiri yake mirefu kuliko mkono wa binti.

Huyu bibi hakumwacha. Alimshika kwa nyuma ya macho, akamgeuza kichwa ndani nje kwa mwendo mmoja wa haraka, kama mama yake alivyomfundisha. Rangi zikapita mwilini mwa pweza yule, nyekundu, kahawia, kisha nyeupe, na zikabaki nyeupe.

Binti akalia. Hakulia kwa kudeka. Alilia kimya, amegeukia baharini.

Baba akajisogeza. "Bibi, kama atapatikana mwingine, mimi nitakulipa bei yake yote. Umwache tu. Kwa ajili ya huyu mtoto."

Bibi alisuuza mikono kwenye kidimbwi kabla ya kujibu. "Pesa yako naitaka, baba, siwezi kusema uongo. Huyu mjukuu wangu anataka viatu vya shule. Lakini tazama nyuma yako."

Baba akatazama. Wanawake watano au sita walikuwa wanakuja juu ya mwamba uleule, na vijana wawili wenye miwani ya kuzamia.

"Nikimwacha mimi, atachukuliwa na yule. Yule akimwacha, atachukuliwa na wale vijana. Utalipa wangapi? Pweza haachwi na mtu mmoja. Huachwa na kijiji."

Kisha akamwita binti, akamkalisha kwenye jiwe, akampa mnyiri aushike. Vikombe vyake bado vilinata kwenye ngozi. "Umeona alivyo mzuri?" bibi akamuuliza. "Mimi pia naona. Miaka yote hii naona. Usidhani anayemvua hamwoni."

MWAMBA UKIFUNGWA

Maneno ya bibi kwamba pweza huachwa na kijiji yana mifano ya kweli. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kijiji cha kusini magharibi mwa Madagaska, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, pasiwe na mtu wa kuvua pweza humo. Walipofungua, walikuta pweza wakubwa na wengi. Vijiji jirani vikaiga, na habari ikavuka bahari.

Zanzibar nayo inao utaratibu huo. Wanakijiji wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ni miongoni mwa waliofunga miamba yao kwa vipindi vya miezi michache, kwa msaada wa asasi ya Mwambao. Upande wa Unguja, Kizimkazi ni jina linalotajwa katika kazi hiyo. Eneo huwekwa mipaka, kamati ya kijiji hulinda, na siku ya kufungua hupangwa iwe ya bamvua. Siku hiyo watu hushuka pwani kwa mamia, wanawake, wanaume na watoto, na mizani husubiri ufukweni.

Si jambo jepesi. Miezi mitatu ni mirefu kwa mama anayenunua unga kwa pweza wa jana. Wapo wanaoingia usiku. Wapo wanaolalamika kuwa siku ya kufungua wenye mitumbwi na miwani huvuna kuliko wao wa miguu. Lakini panapofungwa na kulindwa, pweza hupata muda wa kukua, na wengine muda wa kutaga.

Kwa familia inayokuja kutazama, hili lina maana mbili. Kwanza, iulize ikifika kama kuna mwamba uliofungwa, na isiingie humo hata kama inataka kutazama tu. Mgeni mmoja akionekana ndani, mwenyeji aliyevumilia miezi miwili atauliza kwa nini yeye azuiwe. Pili, siku ya kufungua ni siku ya kumwonyesha mtoto kitu ambacho video haina: kijiji kizima kikivuna kile ambacho kilijinyima.

Mzazi ambaye mtoto wake hatastahimili kuona pweza akiuawa ana njia nyingine. Kisiwa cha Chumbe, magharibi mwa Unguja, ni hifadhi ya bahari tangu 1994 na hakuna uvuvi kwenye mwamba wake uliohifadhiwa. Huko mtu huvaa miwani na kuelea juu ya matumbawe na muongozaji, na pweza hutazamwa akiwa kwake, hana anayemfuata na mti. Hapo hata maji mafu yanafaa, kwa sababu mkondo hupungua nguvu na mtu hahitaji mwamba uwe mkavu.

KABLA YA KUSHUKA

Jambo la kwanza ni saa. Familia iulize mwenyeji maji yanafika mwisho wa kupwa saa ngapi, ishuke saa moja na nusu kabla yake, na ianze kurudi maji yanapogeuka, hata kama ndipo pweza wa kwanza ameonekana. Maji ya bamvua yaliyotoka mbali hurudi kwa kasi ileile. Hayaji kwa mbele tu kama mtoto anavyodhani. Huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma ya mtu, kati yake na ufukwe. Kilichokuwa mchanga wakati wa kwenda huwa maji ya kifua cha mtoto wakati wa kurudi.

Jambo la pili ni mwenyeji. Kwenda na mtu anayeujua mwamba ni usalama, na pia ni heshima, kwa sababu ule ni mahali pa kazi ya watu. Malipo yakubaliwe kabla. Kuvua hupoteza muda wa bamvua ukiwa na watoto wa watu, na muda huo una bei.

Mtoto avae viatu vinavyobana mguu. Kandambili huvutwa na tope. Fulana ya mikono mirefu, kofia, na maji ya kunywa, maana saa tano mchana juu ya mwamba hakuna kivuli. Kome zuri lenye umbo la pia lisiokotwe likiwa na mwenyewe ndani, kwani baadhi yao wana sumu kali. Jiwe likigeuzwa, lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa kuwa upande wa chini ni nyumba ya viumbe vingi. Na pweza asishikwe wala kutolewa tunduni kwa ajili ya picha. Akiwa nje ya tundu kwenye maji machache, joto na ndege humpata haraka.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Mtoto aambiwe kabla ya safari kwamba huenda akaona pweza akivuliwa, na kwamba anayemvua ana watoto kama yeye. Akikutana na hilo kwa mara ya kwanza katikati ya bahari, ni kubwa mno kwake.

Saa sita kasorobo bibi alisimama, akatazama mstari mweupe wa mawimbi, akasema, "Yamegeuka." Hakuna aliyeona tofauti. Dakika kumi baadaye maji yalikuwa yanapita kati ya vidole vya miguu yao, na ilipotimu saa saba vigingi vya mwani vilikuwa nusu majini. Bibi alirudi na pweza wawili katika mkoba. Mmoja alikwenda kwa mnunuzi aliyesubiri ufukweni na mizani. Wa pili ulipikwa nazi jioni hiyo, na wageni wakaalikwa.

Binti hakula pweza. Alikula wali na mchuzi, akakaa na mjukuu wa bibi kwenye kibaraza, wakilinganisha habari. Mmoja alijua mioyo mitatu na damu ya bluu. Mwingine alijua tundu lipi lina mwenyewe na lipi limehamwa.

Wakati wa kuaga bibi alimuuliza, "Utarudi lini?"

Binti alitazama juu. Mwezi ulikuwa mwembamba, unaelekea kuzama. Akahesabu kwa vidole mpaka kumi na tano.

"Hiyo mama hana likizo," alisema mama yake.

"Basi nyingine," alijibu binti, akaanza kuhesabu upya.